Likelemba ya Mavi

Mke wangu alipofariki aliniachia nyumba ya mabati, kiduka cha misumari na rangi, na kiti katika likelemba ya wanawake.

Kiti hicho sikukitafuta. Mazishi yalikuwa yamekwisha, watu wamebeba viti vyao vya plastiki na kurudi makwao, na mimi nilikuwa uani nikijaribu kuwasha makala, yaani makaa, kwa karatasi ya mfuko wa sementi. Nikasikia kikohozi langoni. Wakaingia wanawake wa avenue yetu, kundi zima, mbele yao mwenyekiti wao, yule tuliyemwita Mama Prezida. Ni muuza vitenge, na sauti yake inaweza kumwita mtu aliye kilima cha pili bila simu. Likelemba yao nilikuwa naijua kwa kusikia tu. Kila Jumapili, Wakatoliki wakitoka misa na Waprotestanti wakitoka ibada, wanakutana. Kila mmoja analeta fungu lake dogo la pesa, yote anapewa mmoja, na Jumapili inayofuata ni zamu ya mwingine. Mke wangu alikuwa humo tangu tulipohamia Butembo, huku mashariki mwa Kongo.

"Shemeji," alisema Mama Prezida bila hata kukaa, "kiti ya marehemu haiwezi kubaki wazi. Zamu yake ilikuwa haiyafika."

"Basi mumupe mwingine."

"Mwingine nani? Likelemba hapana kukatwa katikati. Wewe ndiye utakaa."

"Mimi ni mwanaume, mama."

"Tunaona," akajibu mmoja kutoka nyuma.

Wakacheka wote, halafu wakakumbuka wako katika nyumba ya nani, wakaziba midomo kwa ncha za vitenge vyao. Mama Prezida aliinama, akanipokonya karatasi ya sementi, akapuliza mara moja, na makala yakashika.

Jumapili iliyofuata nilienda. Nilikaa penye kiti chake, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Walikuwa na desturi ya kuitana kwa majina kabla ya kuanza: Mama wa huyu, mama wa yule, na kila mmoja anajibu "Niko." Sisi hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo mke wangu walikuwa wakimwita kwa jina la biashara yake ya mikate. Mama Prezida alipofika kwangu alikwama. Aliangalia juu, akaangalia wenzake, akasema, "Maman Shemeji?"

"Niko," nikajibu.

Mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, nasema kweli, alianguka. Kuanzia siku hiyo avenue yote iliniita Maman Shemeji. Hata wateja waliofuata bawaba na kufuli dukani walianza: Maman Shemeji, una misumari ya mabati? Sikuchukia. Niliporudi nyumbani Jumapili ile niligundua kwamba, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kutazama sakafu.

Katika likelemba hawakuzungumzia upendo wala siasa. Walizungumzia makala. Hali ya usalama ikiharibika kule upande wa Beni na Oicha, malori hayashuki, na gunia la makala linakuwa kama mgeni wa heshima: linatajwa sana, halionekani. Huku kwetu vilima vimebaki na mikalitusi tu, na kila mkalitusi una mwenyewe anayeulinda. Kuna aliyesema amepika sombe, majani ya muhogo, mara moja wakaila siku tatu. Mwingine alisema amechoma ubao wa kitanda, na sasa mume wake analala akiwa ameinama kama anayepanda kilima cha Musienene kwa baiskeli. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Nilikuwa natumia makala ya siku mbili kuunguza maharagi ya siku moja.

Ikafika siku ya kupeleka nguo za marehemu kwa mama mkwe. Mama mkwe anakaa Musienene, katika shamba la viazi. Nilienda siku ya soko kwa sababu kuna magari mengi. Alinipokea, akaweka mfuko wa nguo juu ya mapaja yake, akaukumbatia, na wote wawili tukanyamaza. Mimi kunyamaza ndiyo kazi yangu, ila yeye hakuzoea. Baada ya muda akasimama na mfuko wake vilevile, akasema, "Twende nikuonyeshe kitu kwa jirani. Nikikaa hapa nitalia tena, na leo ni siku ya soko, macho nayatumia."

Jirani huyo anafuga nguruwe. Jikoni kwake palikuwa na sufuria juu ya moto wa buluu. Hapakuwa na kuni wala makala wala moshi, na ukuta ulikuwa mweupe kama wa sakristia. Niliinama kuangalia chini. Mpira mwembamba ulikuwa umepita ukutani, basi.

"Mama, hii moto inatoka wapi?"

"Kwa nguruwe," alisema mama mkwe.

"Nguruwe iko wapi?"

"Iko inje. Mavi yake ndiyo iko hapa."

Tulizunguka nyuma. Kando ya banda palikuwa na handaki, na ndani yake mfuko mweusi mrefu, umevimba, umelala kama kiboko aliyeshiba. Mwenye nguruwe aliupigapiga kwa kiganja kwa upendo. Alisema si uchawi wala si uzungu, ni tumbo tu. "Unalisha, linajamba, unawasha."

Kicheko kilinitoka kikubwa mpaka nikaogopa. Sikujua kama bado kilikuwemo. Nilimgeukia mama mkwe nimwombe radhi, maana alikuwa bado amekumbatia nguo za binti yake, nikamkuta amejifunika uso kwa ule mfuko, mabega yakitikisika. Nikadhani analia. Alipoushusha nikaona meno.

Yule bwana alinieleza kila kitu: mavi na maji kwa kiasi kimoja, mfuko usiopitisha hewa, chakula kidogo kila siku, subira. Nilisoma mpaka sekondari ya pili tu, lakini hayo niliyashika, isipokuwa neno moja, "kidogo". Hilo nililisikia nikaliacha Musienene.

Zamu yangu ya likelemba ilikuwa karibu. Siku ilipofika nilisimama. Sikuwahi kusimama pale.

"Sitaki munipe kile munapeanaga," nilisema. "Naomba mavi."

Nje mbuzi mmoja alilia, kama aliyesikia jina lake.

"Maman Shemeji," alisema Mama Prezida taratibu, "rudilia."

"Mavi. Ya nguruwe, ya mbuzi, ya sungura, ya simbilisi. Kila mutu ndoo yake."

"Kilio kimemupanda kichwani," mmoja alinong'ona.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikachora handaki kwa kidole katika vumbi. Tungelijenga kwangu kwa sababu kiwanja changu ni kipana na hakina watoto wa kutumbukia. Kila siku mmoja ataleta ndoo, na kila siku mmoja atapika juu ya moto huo, kwa zamu, kama tulivyozoea kupeana. Barabara ya Beni ikifungwa, nguruwe hawafungwi.

Jambo lililowashika ni hilo la mwisho. Walianza kuongea wote pamoja. Wenye nguruwe walijisifu, wenye sungura walitetea sungura wao. Kisha mama mmoja, mshona nguo, ambaye kanisa lake linakataza nyama ya nguruwe, akainua mkono kama shuleni.

"Mimi niko na swali. Ile moto, ni nguruwe ao hapana nguruwe?"

"Ni moto," nikasema.

"Imetoka kwa nani?"

"Kwa nguruwe."

"Ah! Sasa nikipika maharagi yangu juu yake, nimekula nini?"

Walibishana mpaka jua likahama ukuta. Mmoja alisema mbolea ya nguruwe imelisha viazi vya Musienene miaka yote na yeye anavila. Mshona nguo akajibu kwamba viazi vimechujwa na udongo, moto haujachujwa na kitu. Ikaamuliwa amuulize pasta wake. Jumapili iliyofuata alirudi uso umetulia. Pasta alikuwa amefikiri siku nzima, akasema: moto hauna kwato. Hata hivyo mshona nguo aliomba ndoo yake iwe ya mbuzi tu, na imwagwe ya kwanza, ili katika ule moto awe na upande wake.

Tulichimba siku ya salongo, asubuhi ile ambayo watu wote wa mtaa wanatoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Kwa kawaida salongo ni kuzibua mifereji huku unachungulia saa. Siku ile watu waliifanya kama harusi. Wanawake walichimba, mimi nilichimba, wapita njia walisimama kutoa ushauri. Mfuko wenyewe ulikuwa haujanunuliwa, kwa hiyo nilikadiria urefu kwa macho, na macho yangu yalikuwa na furaha, yakakadiria sana.

Ndipo alipofika kaka yangu.

Kaka yangu ndiye mkubwa wa familia; namwita yaya, kama tunavyowaita ndugu wakubwa huku kwetu. Anauza mbao, anavaa koti hata wakati wa joto, na kiwanja ninachokaa ni cha familia, maana yake ni kwamba yeye ndiye mwenye neno. Alisimama ukingoni mwa handaki, mikono mgongoni.

"Unachimba nini?"

"Shimo, yaya."

"Shimo naona. Ya urefu wa mutu."

"Hapana, yaya. Inapita mutu."

Mama Prezida alinikanyaga mguu. Lakini ilikuwa kweli, lilikuwa linapita watu wawili.

"Nyumba ya kilio," alisema kaka, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumia, "bado hata mwaka haujaisha, na wewe unafungua shimo kama hii katikati ya kiwanja. Batu batasema nini? Familia yetu inangojea nani mwingine?"

Hapo hakuna aliyecheka. Sikuwa nimeliona hivyo. Nilitazama handaki na mara nikaliona kama anavyoliona yeye, nikashusha jembe.

Mama Prezida ndiye aliyeongea. Aliongea kwa heshima, akimwita Papa, akaeleza tumbo, mpira, moto wa buluu, makala yasiyofika. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mfanyabiashara na mfanyabiashara husikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Siku ya kumaliza kilio, mwaka ukitimia, nitakuja na familia yote. Chakula ya siku ile ikiivishwa na moto ya hii shimo, shimo ibakie. Isipoivishwa, kabla ya kurudi kwangu nalifukia mimi mwenyewe. Tumesikilizana?"

"Ndiyo, yaya."

Wanawake walidhani naogopa kazi yetu ipotee. Nitasema ukweli ulivyokuwa. Misitu naipenda, moshi siupendi, na ule mchezo wa bei ya gunia ulinichosha kama ulivyomchosha kila mtu. Lakini kilichokuwa kinanitoa kitandani asubuhi ni zile sauti uani kwangu. Shimo likifukiwa, wangekutana kwa Mama Prezida tena, Jumapili tu, na siku nyingine zote uani pangebaki mimi na kuku. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa kitu chochote tangu mazishi.

Karatasi nene ya plastiki haikupatikana Butembo. Mfanyabiashara mmoja alisema iko Beni, imeingia na lori kutoka mpakani Kasindi. Nilifunga duka, nikapanda gari, nikafika Beni mchana. Muuzaji alinikunjulia: ilikuwa nene, nyeusi, nzuri, fupi. Kipande kirefu alikuwa amekwisha kukiuza kwa mtu wa kakao wa Oicha. Nilichukua kilichokuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuunganishia ncha kwa moto wa taa, akaweka mipira, na nikarudi nimeukunja mfuko mgongoni kama mtoto.

Kwenye kizuizi askari mmoja aliona mzigo.

"Ni nini hii, papa?"

"Ni mufuko, chef."

"Ya nini?"

Mtu mwenye akili angesema ni ya maji. "Ya kuwekea mavi," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Akamwita mwenzake kwa Kilingala. Mwenzake akaja, akaambiwa, akanitazama pia.

"Mavi iko ndani?"

"Hapana, chef. Bado iko mutupu. Mavi iko Butembo inaningojea."

Waliinama wakishika bunduki zao zisianguke kwa kicheko. Kwenye gari, abiria ambao tangu Beni walikuwa wamekaa kimya wakishika rozari na simu zao, nao wakaanza. Mpaka tunaingia Butembo, kila gari lilipopunguza mwendo, mtu alipaza sauti: "Papa, mavi inakuita!" Ilikuwa barabara ambayo watu huisafiri wakisali, na siku ile tuliisafiri tukicheka. Sijui kama ni dhambi.

Mfuko ulijaa nusu ya handaki. Nusu nyingine ilibaki wazi, na kuku wakahamia humo.

Tukaanza kulisha. Hapa sina budi kueleza kitu ambacho mtu wa Butembo hahitaji kuelezwa. Huku kwetu ukinunua kikombe cha maharagi, muuzaji anajaza kikombe, kisha anatupia kiganja kimoja juu. Hicho kiganja ni matabishi. Asiyetoa matabishi anaonekana mchoyo, hana wateja, na hata salamu anapewa nusu. Wanawake wa likelemba wote ni wauzaji. Kwa hiyo kila mmoja alipoleta ndoo yake, baada ya kumwaga, mkono ulienda wenyewe. Huyu alitupia maganda ya ndizi, yule machicha ya kasikisi, bia yetu ya ndizi, mwingine ugali uliolala. Mshona nguo alileta ndoo ya mbuzi na juu yake, kwa kuwa hakutaka kuonekana nyuma ya watu wa nguruwe, akaweka kindoo cha pili. Mimi niliona na nikafurahi. Niliona ni wakarimu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiongeza kila jioni mabaki ya chakula nilichounguza.

Mfuko ulivimba kwa haraka ya kutisha. Tulipiga vigelegele. Mama Prezida alileta kiberiti, akafungua bomba, akawasha. Hakuna. Akawasha tena. Kulitoka pumzi iliyozima kiberiti, na harufu iliyomfanya mbwa wa jirani aondoke kwa adabu. Siku zilizofuata povu lilianza kutoka kwenye mdomo wa mfuko, povu la kijivu lenye mapovu mapana, likitiririka kuelekea njia kama lina miadi.

"Imekufa," alisema mmoja.

"Imelewa," alisema mwingine, mwenye machicha ya kasikisi.

Siku ya kumaliza kilio ilikuwa inakaribia. Nilipanda tena Musienene. Yule mwenye nguruwe alinisikiliza, na nilipofika penye maganda, ugali na machicha akashika kichwa.

"Nilikuambia kidogo!"

"Ilikuwa kidogo. Ila kila mutu aliongeza matabishi."

"Munapea tumbo matabishi?" Alikaa chini. "Ile inasikia uchungu! Imeshiba mpaka imechacha. Musiipe kitu. Maji kidogo, majivu kidogo, na muiache ifunge."

Niliporudi na neno hilo, likelemba ililielewa kuliko mimi nilivyotegemea. Kufunga wanajua. Wakatoliki walisema tumbo lifunge kama Kwaresima, Waprotestanti wakasema lifunge kabisa bila hata chai. Mama Prezida alitangaza: hakuna ndoo, hakuna kiganja, na atakayeonekana karibu na mdomo wa mfuko akiwa na ganda la ndizi atakosa zamu. Na bado nilimkamata mmoja asubuhi, amesimama na maji ya kuoshea mchele mkononi, anautazama mfuko kwa huruma.

"Inanitazama, Maman Shemeji," alisema. "Iko na njaa."

Nikamsindikiza langoni.

Asubuhi moja, harufu ilikuwa imebadilika. Ilikuwa bado mbaya, lakini mbaya ya kawaida, ya zizi. Niliwasha peke yangu kwa sababu sikutaka kuwaaibisha tena. Kulikuwa na pfu, halafu kitu kikasimama juu ya bomba, cha buluu, kidogo kama ua la viazi. Nilitaka kupiga kelele nikakuta sijui kelele gani hupigwa. Nikakimbilia nje na kiberiti mkononi, nikapita kwa Mama Prezida, nikapita kwa mshona nguo, nikigonga milango na kusema neno moja tu: "Inajamba! Inajamba!" Wakaja na vitambaa vya kulalia kichwani, mmoja na mswaki mdomoni. Tulikaa jikoni tumesongamana tukitazama maji ya chai yakichemka, na yalipochemka tukashangilia kama bao.

Siku ya kumaliza kilio, mama mkwe alishuka kutoka Musienene na maharagi ya shamba lake. Familia ikajaa uani. Tulisali, tukamtaja, tukalia kidogo kama inavyostahili. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni tangu asubuhi, moto wa buluu chini yake, na kila mara mwanamke mmoja alitoka jikoni, akanitazama kwa mbali na kuinua kidole gumba.

Halafu akatoka mmoja ambaye hakuinua kitu. Nilienda. Moto ulikuwa umegeuka wa manjano, umefupika, umeinama upande. Maharagi yalikuwa yamevimba, ngozi zimekunjamana, lakini ukiminya moja kwa kidole linakuangalia. Tukiwa tumesimama hivyo, moto ukasema pfu, ukalala.

Hakuna aliyepoteza muda kwa huzuni. Mama Prezida alisema jina moja, na mwenye jina hilo akaruka ukuta, mwanamke mzima na kitenge chake kipya, akarudi na jiko la mbabula lililojaa makala yanayowaka. Sufuria ikapitishwa nyuma ya nyumba kama mgonjwa. Walikaa chini kuizunguka, wakipepea kwa vifuniko, kwa khanga, kwa kitabu cha ibada cha mtu.

"Wewe," Mama Prezida aliniambia, "kaa na kaka yako. Asikuje huku. Nyamaza tu. Kunyamaza si unajua?"

Nilikaa na kaka. Aliniuliza habari za duka, nikajibu. Aliuliza mbona nageuka nyuma, nikasema shingo inaniuma, na ilikuwa inaniuma kweli kwa kugeuka. Maharagi yakaja, laini, na mafuta ya mawese na ugali mweupe. Kaka alikula sahani ya kwanza. Akaomba ya pili. Kisha akafuta mdomo, akaelekeza kidole handakini.

"Donc, basi hii imeivishwa na moto yako?"

Vijiko vyote vya likelemba vilisimama. Niliona nyuso zao zote kwa pamoja, na Mama Prezida akinitingishia kichwa kidogo: ndiyo, sema ndiyo. Neno moja tu, na sauti zao zingebaki uani kwangu. Nililitafuta neno hilo kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa tayari kulisema. Lakini mbele yangu mama mkwe alikuwa ameshika sahani ya maharagi aliyoyabeba mwenyewe kwa ajili ya binti yake, na mdomo wangu ukakataa.

"Nusu, yaya," nikasema. "Moto ilizimika katikati. Nusu ingine ni makala, kule nyuma ya nyumba."

Mama Prezida alifumba macho.

Kaka alitazama sahani yake. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. "Sasa," alisema, "nusu ile niko nakula ni gani?"

Mshona nguo akachungulia sahani yake mwenyewe.

"Naulizia sababu iko tamu." Akachukua kijiko kingine, akatafuna polepole, akimtesa kila mtu. "Nilisema nini mimi? Ikiivishwa na shimo, ibakie. Isipoivishwa, tufukie. Sasa imeivishwa nusu." Akaweka sahani chini. "Donc tufukie nusu."

Aliyecheka kwanza ni mama mkwe. Baada yake hapakuwa na mtu wa kuomba ruhusa. Ilikuwa siku ya kumaliza kilio na watu walishika mbavu, mashangazi waliegemeana, mshona nguo alilia kwa kicheko akasema bure yeye alikwenda kusumbua pasta. Kaka akavua koti. Sikuwahi kumwona bila koti tangu utotoni. Akachukua jembe, akafukuza kuku kutoka ile nusu ya handaki isiyokuwa na mfuko, akaanza kuifukia, na wote tukaingia kwa majembe, kwa beseni, kwa mikono. Tulipomaliza, kilichobaki hakikufanana na kaburi la mtu yeyote. Kilifanana na mfuko mweusi mnene uliolala kwenye kitanda kilichotosha.

Kaka alikung'uta udongo, akalitazama. "Hivi sawa," alisema. Na kwa mama mkwe, kwa Kinande, akainamisha kichwa: "Wasingya." Asante.

Wageni waliondoka. Wanawake walibaki kuosha masufuria, na hapo ugomvi ukaanza: nani alipe gesi iliyotumika leo kwa zamu yake, nani ana haki ya kesho, kama tumbo lifunguliwe mfungo sasa au lingoje Jumatatu. Nilitaka kusaidia kuosha, wakanifukuza, wakasema mkono wangu unavunja sahani. Nikaingia ndani, nikajilaza juu ya kitanda chetu nikiwa na viatu. Dirisha lilikuwa wazi. Jua bado lilikuwa kali. Mama Prezida alikuwa anapiga kelele kwamba Jumatatu ni yake, mtu akamwambia Jumatatu iliyopita ilikuwa yake pia, na usingizi ukanichukua hapo, kabla sijajua ni nani aliyeshinda.